Kiberiti Kisichotila

Atupele mwanangu,

Sitaanza na yale ya mimi mzima sijui wewe. Hali yako naijua, umenuna. Na yangu unaijua, nimenuna kukuzidi, ila mimi nimeanza kuchoka nayo. Mama yako ameshaniambia nikae nitulie niandike kama watu. Nikikaa, najikuta nimesimama tena, nimefika mlangoni naitazama mvua kana kwamba ndiyo itakayoniambia nianzie wapi.

Wewe uko Igogwe kwa bibi yako, umekwenda kuaga, na yule mama hatakuachia urudi mpaka uzimalize ndizi zote alizopika. Afadhali. Ana kwa ana nisingeweza kuyasema haya. Ningepandisha sauti, nawe ungesema "basi baba", na hilo "basi baba" lako linaniuma kuliko tusi.

Mambo ya sweta, dawa za malaria, kula kwa wakati na kanisa utakalosali huko Mbeya, mama yako ameshayafunga kwenye begi pamoja na karanga. Mimi nataka kuzungumza habari ya gari. Jana jikoni mama yako aliniambia, bila kunitazama, anamenya zake ndizi: "Mwanao amesema usipompa baraka keshokutwa asubuhi, anarudisha ufunguo kwa bosi wake na kazi anaiacha. Hataki kuondoka hapa umempa mgongo." Akaendelea kumenya. Tangu hapo sina raha. Sikujua neno langu lina uzito wa namna hiyo kwako. Nilidhani siku hizi za ruksa kila mtoto anajiendea tu.

Kwa hiyo nisikilize upande wangu, maana wewe uliuona wako tu.

Juzi ulitukuta benchini pale Bulyaga, nje ya kibanda cha Fundi Shomari, sisi madereva wazee tumekaa na Shomari mwenyewe yuko kwenye cherehani anashona viti vya magari. Ukaja na kile kigari cheupe cha Mjapani, ambacho Tukuyu nzima tunakiita kiberiti, ukakiegesha mbele yetu, ukashuka, ukaamkia kila mtu kwa zamu kama tulivyokufunza. Halafu ukasema: "Wazee wangu, nimepata kazi. Bosi wangu anauza haya magari Mbeya. Walimu wanayanunua, manesi wanayanunua, kwa sababu ni ya bei ya mtu wa kawaida. Lakini mtu anayependa kuendesha hasa, hayataki hata kuyaona. Kazi yangu ni kuingia nayo mashindano ya mbio Mbeya, halafu nizunguke mkoa mzima, madereva wayajaribu. Nimeona nianzie nyumbani. Baba, ingia ujaribu. Bosi anasema ukilikubali wewe, Tukuyu yote italikubali."

Loo! Ulisema vizuri, mwanangu. Hukubabaika. Mimi ndiye niliyebabaika. Watu wote walinigeukia. Nikainuka, nikaugonga mlango wa kile kigari kwa kidole, ukalia, nikasema, "Mimi siendeshi sufuria." Wakacheka. Ambakisye, yule wa lori la mbao, alicheka hadi akamwaga chai. Wewe ukasema "basi baba", ukaingia ndani, ukaondoka polepole, hata honi hukupiga. Toka siku hiyo kiberiti kinalala uani kwa Shomari, kule Msasani ya hapa Tukuyu, kwa sababu nilisema kwangu hakiingii.

Sasa nikwambie kwa nini nilisema vile. Ilikuwa ni siku chache tu tangu wanicheke mimi.

Unaikumbuka ile njia ya Masoko ilivyokuwa wakati ule, matope yamekuwa uji. Nilikuwa nashuka na gari la shamba, lile kubwa la Mwingereza, limejaa majani ya chai. Nikaona mbele kiberiti cheupe kinapanda kimenyooka ndani ya mfereji wa magurudumu. Nikapiga honi. Unajua sisi madereva tunavyosema vigari hivi vikituona: "Vinatila." Mkamwana wa Kinyakyusa akimwona baba mkwe njiani anatoka barabarani, anaingia migombani, anageuza uso mpaka mzee apite. Huko ndiko kutila. Na vigari hivi siku zote vilikuwa vinatutila. Ukipiga honi moja tu, kinaruka pembeni kama mkamwana mgeni. Utani huo niliuanzisha mimi mwenyewe pale benchini, nao ulinipendeza.

Basi nikapiga honi. Kiberiti hakikutila. Nikapiga tena. Hakikutila! Nikasema huyu mwendawazimu ni nani. Na sheria ya mlima naijua, anayepanda ndiye mwenye njia, maana akisimama hapo haondoki tena. Naijua kwa sababu nimewafundisha nusu ya madereva wa wilaya hii. Lakini nilikuwa kwenye gari kubwa, na gari kubwa linakusahaulisha. Nikakanyaga breki. Matope hayakujali kwamba mimi ni nani. Gari likaenda pembeni taratibu kabisa kama mtu anayekwenda kujisaidia, likaingia kwenye migomba ya watu, likatulia humo, jani moja limeingia dirishani hadi kifuani kwangu.

Kiberiti kikapita. Kilipokuwa sambamba nami, kioo kikashuka, nikasikia sauti: "Shikamoo baba. Umeumia?"

Nikajibu "marahaba" nikiwa ndani ya migomba. Ningejibu nini kingine?

Ulipanda mpaka penye ardhi ngumu, ukaegesha, ukashuka kwa miguu, viatu umevivua, ukaomba panga kwa wale kina mama wa shamba, ukakata mashina ya migomba niliyokwisha kuiangusha, ukayapanga chini ya magurudumu yangu. Ukaniambia niweke gia ya kwanza nisikanyage sana. Wewe uniambie mimi! Nami nikatii, nikatoka. Hukucheka hata kidogo. Heri ungecheka. Waliocheka ni Tukuyu nzima. Asubuhi yake nafika benchini, Ambakisye anasimama, anainua mikono: "Mpisheni, mpisheni! Baba Atu kamtila binti yake!" Wakapindua kila kitu, eti siku hizi baba mkwe ndiye anayeingia migombani. Hata watoto wa shule walikuwa wananiuliza njiani kama migomba imepona.

Ndiyo maana ulipokuja na kile kigari mbele ya watu wale wale, ukaniomba nikijaribu, kichwa changu kilijaa moto. Sikuona mwanangu mwenye kazi mpya. Niliona jani la mgomba dirishani. Nikatafuta neno la kuwafanya wacheke upande wangu, nikalipata, nami nikalisema. Neno lenyewe lilikuwa jepesi sana kulitamka.

Nimetoka kidogo nje. Mvua imepungua, lakini juu ya mlima Rungwe mawingu bado yamefunga. Mama yako ananiuliza kama barua imeisha. Nimemwambia ndiyo kwanza inaanza. Akasema, "Mwambie na mimi napenda hicho kidogo. Lile lenu kubwa ngazi yake ilikuwa inanifika gotini. Nimelipanda utu uzima wangu wote nikiwa nimeshika kitenge kwa mkono mmoja, na wewe uko ndani unapiga resi." Nimeandika kama alivyosema. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nadhani anachelewa makusudi.

Mwanangu, wewe unanijua nilivyolipenda lile gari, lakini hujui sababu. Mimi nami nilikuwa nadhani naijua.

Nilikabidhiwa nikiwa kijana. Usukani wake ulikuwa wa kupigana nao, unatoka jasho kwenye kona wakati watu wanavaa makoti. Gia haiingii mpaka upige klachi mara mbili na usikilize injini kwa sikio, ukikosea linakuzomea hadi nyumba ya tatu. Halafu ikaja miaka ile ya hakuna. Vipuri hakuna, matairi hakuna, petroli mpaka kibali. Nilitengeneza gasketi kwa boksi la sabuni. Niliunga springi kwa mpira. Jumapili mchana magari yalikuwa yamekatazwa kutembea, basi mimi nilikuwa nakwenda bandani pale shambani, naingia, nashika usukani, injini imezimwa, nakaa. Mama yako alidhani nina mwanamke huko. Siku moja alinifuata, akanikuta nimekaa peke yangu ndani ya gari lililosimama, nakata kona kwa kichwa. Alisimama pale mlangoni, akasema, "Bora ungekuwa na mwanamke, ningejua la kufanya." Akarudi nyumbani.

Ndivyo nilivyopenda. Na katika wilaya hii tulikuwa wachache tuliojua. Mtu akiwa na mgonjwa, akiwa na bibi harusi, akiwa na maiti ya kurudisha kwao, alikuja kwetu. Tulipopita watoto walikimbia nyuma yetu.

Halafu wakafungua milango. Bidhaa zikaingia, sabuni, viatu, redio, na vigari. Mtu ameuza viazi misimu kadhaa, ana gari. Anakaa, anawasha, anaondoka, kwa vidole viwili, muziki juu. Kitu nilichokihangaikia maisha yangu yote, yeye anakifanya anatafuna muwa. Nilichukia, Atupele. Nilisema hayo si magari. Nilisema gari la kila mtu haliwezi kuwa gari la dereva. Benchi zima liliitikia, na tulivyokuwa tunaitikiana tuliona ni kweli.

Yule jirani yetu mwalimu wa jiografia aliponunua cha kwake, alikuja hapa jioni, amevaa shati safi kabisa, akaniomba nimfundishe. Nikamwambia, "Mwalimu, hicho hakifundishwi. Ni kama redio, unawasha tu." Alikwenda zake akajifundisha mwenyewe, akagonga zizi lake mwenyewe, ng'ombe akalala nje siku hiyo. Tulicheka sana. Lakini sasa unamwona? Kila Jumamosi anakiosha kwa sabuni ya kuogea. Halafu anatoka, anapanda hadi Kiwira, anarudi, mikono mitupu, hana hata mkungu wa ndizi. Mwezi uliopita nilimsimamisha pale njia panda nikamuuliza, "Mwalimu, Kiwira una shughuli gani kila wiki?" Nilitaka kumtania habari za nyumba ndogo. Mtu mzima yule akaona haya, akatazama chini.

"Sina shughuli, Baba Atu," akasema. "Ni zile kona tu."

Zile kona! Sikumtania tena. Ugonjwa huo ni wangu, ninaujua hadi dalili zake. Anao mtu niliyekataa kumfundisha, na ameupatia ndani ya kiberiti. Sikumweleza mtu yeyote pale benchini, kwa sababu nisingejua niseme nini baada ya hapo.

Kosa langu lilikuwa hapo, mwanangu. Nilidhani napenda kuendesha. Kumbe vilikuwa vitu viwili vimekaa kiti kimoja. Kimoja ni kupenda kuendesha. Cha pili ni kupenda kuwa miongoni mwa wachache wanaoweza. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa kinapiga honi kwenye njia ya Masoko, na ndicho kilichosema "sufuria". Nilikichukua cha pili nikakiita kwa jina la cha kwanza, miaka yote. Wewe nilikufundisha cha kwanza bila kujua. Nilikukalisha juu ya gunia lililokunjwa uwanjani pale shuleni, nikakuambia ufumbe macho usikilize injini inaomba gia gani. Ulikuwa mdogo, miguu haifiki vizuri. Ukaniambia, "Inaomba ya pili, baba." Nilijisikia vizuri siku ile kupita siku zote nilizoendesha mwenyewe.

Sasa nikuambie la leo, ndilo lililoufanya mwandiko huu uwe kama wa kuku.

Ulipopanda gari la abiria kwenda Igogwe, mimi nilitoka, nikamwambia mama yako naenda kununua betri za redio. Nikaenda Msasani kwa Shomari. Nilimkuta uani anavalisha viti vya kiberiti chako vitambaa vipya, kazi ya bure, zawadi yake kwako. Aliponiona akaendelea na sindano yake.

"Karibu Baba Atu. Umekuja kuazima sufuria?"

"Shomari, usinianze."

"Aa, mimi sikuanzi. Lipo hilo. Haling'ati."

"Ufunguo uko wapi?"

Akanitazama kwanza. Babu yake alikuja huku kutoka Tanga na cherehani, na ule ustaarabu wa pwani wa kumchoma mtu kwa upole yeye amebaki nao. Akatoa ufunguo mfukoni, akaupangusa kwa kanzu, akanipa kwa mikono miwili. "Bismillahi," akasema. "Na ukitaka kutila, tafadhali usitile kwenye migomba yangu."

Nikaingia. Kwanza nilijigonga kichwa. Halafu miguu yangu, unaijua ilivyo, ilikanyaga breki na klachi kwa pamoja. Nikawasha, nikapiga klachi mara mbili kama nilivyozoea, kile kitu kikaruka kama mbuzi, nikasikia Shomari anacheka ndani ya nyumba. Nilitukana kwa Kinyakyusa. Nikatoka getini nimeshika usukani kana kwamba utanikimbia, nao ulikuwa mwepesi hadi nikaogopa kwamba umekatika.

Nikakwepa mjini, nikakwepa benchi, nikaingia njia ile ya nyuma inayozunguka mashamba ya chai, mvua inanyesha. Nilikuwa natafuta makosa, sikufichi. Nilitaka nirudi nikiwa na sababu za maana za kukukatalia. Na makosa nikayapata. Breki zake zinaingia ndani mno kabla hazijashika. Upepo wa kwenye kigongo unalisukuma. Ukipakia watu wanne mlimani linahema. Kiti ni cha mtu mfupi. Nikasema vizuri, nitamwambia yote haya.

Halafu ikaja ile kona inayoshuka, yenye mawe katikati na maji yanavuka. Kwa lile letu kubwa, ile kona ni kazi, unalishika, unaliomba, unaomba na Mungu. Kwa hiki, sijui nikueleze vipi. Niligeuza kidogo tu, nalo likaingia. Nililisikia jiwe moja moja kwenye matako. Nilisikia gurudumu la nyuma linaanza kuteleza kabla halijateleza, kwenye vidole, na mkono ukarekebisha wenyewe kabla sijawaza. Likanyooka. Nikatoka upande wa pili nimefungua mdomo. Nikasimama, nikageuza, nikarudi nikaipita tena. Halafu tena. Mwanangu, nilikuwa nacheka peke yangu kwa sauti, mtu mzima, kwenye mvua, mpaka wachuma chai wakaacha kazi wakanitazama. Sijacheka hivyo ndani ya gari tangu ujana. Lile kubwa nililiheshimu. Sikumbuki kama liliwahi kunichekesha.

Kwa hiyo swali la bosi wako nimeshalijibu. Gari la bei ya mtu wa kawaida linaweza kumpata mpenda kuendesha? Linaweza. Limeshanipata. Ila halitampata kwa njia anayoidhani yeye. Nimeona amekipiga mistari myekundu ubavuni na ekzosi ya kupigia kelele. Mwambie aviondoe. Dereva akiona mistari anajua anadanganywa, anakaa mkao wa kubisha. Na usimwambie dereva yeyote kwamba hiki ni sawa na la Mwingereza. Si sawa. Mwambie breki zake ni mbaya, uanze na hilo, umwambie kabla hajakaa. Atakuamini. Halafu usimpeleke mbele ya wenzake kama ulivyonifanyia mimi. Mbele ya wenzake hakuna dereva atakayekubali kitu. Mpe ufunguo siku ya mvua, kwenye njia anayoijua, mwache aende peke yake, na akirudi usimuulize lolote. Mtazame tu kama amechelewa.

Hayo ni ya kazi. Lipo jingine, na hili ndilo linaloninyima kukaa.

Niliposema sufuria, nusu ilikuwa kiburi, nimeshakiri. Nusu nyingine sikuwaambia benchi wala sikujiambia mwenyewe. Nilipougonga ule mlango kwa kidole ukalia vile, nilikuona kichwani mwangu wewe upo ndani. Bati jembamba namna ile, halafu mwanangu, halafu mti. Mashindano yana miti. Yana mawe, yana vijana wanaotaka sifa. Lile gari kubwa lilinipeleka migombani nikatoka nikiwa na jani kifuani. Kiberiti kikienda migombani sijui kitanirudishia nini. Naogopa, Atupele. Leo nilipokuwa nacheka kwenye ile kona, katikati ya kicheko nilikumbuka kwamba wewe utaipita kwa mwendo mara mbili ya wangu, na kicheko kikakata. Nikarudi kwa Shomari taratibu kama mwalimu.

Shomari aliponipokea ufunguo aliuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Linampenda mtu." Akasema, "Basi mpe mwanao ruhusa, Baba Atu, usimtese." Nikamwambia si rahisi hivyo. Akasema ni rahisi ila ni chungu. Akaendelea kushona.

Nimejaribu kutafuta namna ya kukupa baraka bila kukupa na woga wangu. Sijaipata. Nimetembea humu ndani mpaka mama yako ameniondolea kiti njiani. Ningeweza kusema usiende, nawe ungebaki, najua, kwa sababu una heshima. Ungerudisha ufunguo, ungesema basi baba, na ungeendesha gari la mtu mwingine hapa Tukuyu, taratibu, mpaka uzeeke. Na Jumapili mchana ningekukuta umekaa ndani ya gari lililozimwa, unakata kona kwa kichwa. Hapana. Mimi nilikaa vile kwa sababu nilikatazwa na serikali. Wewe usikatazwe na mimi.

Barua hii utaikuta kwa mama yako ukirudi usiku, basi sikiliza tutakavyofanya. Kesho alfajiri usiende Msasani, kiberiti utakikuta hapa mlangoni. Nimekwisha kupatana na Shomari. Mambo ya kupitia uchochoro wa nyuma hatutaki, tutapita katikati ya mji, kweupe, na wanaotaka kucheka wacheke, nitawapungia mkono. Nitakusindikiza mpaka Kiwira, huko nitashuka na kupata gari la kurudia. Sitashika usukani. Nitakaa upande wa abiria, mahali ambapo sijakaa tangu nilipopata leseni, na sijui mtu huko anaweka mikono wapi.

Baraka zangu unazo zote, mwanangu, hata kabla hujafika mlangoni. Ila ukifika kwenye kona za Kyimo, njiani kwenda Kiwira, usinipunguzie mwendo eti kwa sababu baba yupo. Nataka nione unavyokwenda nisipokuwepo. Nitaogopa, nakuambia kabisa, na huenda nikapiga kelele. Usinisikilize.

Baba yako